Kubadilisha namba za mabehewa ya treni za modeli kwa stika za maji: mwongozo kamili

Una mabehewa matatu ya aina moja, yametoka kiwandani na namba ileile, na unataka kila moja liwe na namba yake kwa stika za maji, yaani zile zinazoloweshwa ili ziteleze kutoka kwenye karatasi yake. Kazi inaonekana ndogo: futa, bandika, umemaliza. Halafu yanakuja malalamiko yaleyale. Namba imezungukwa na ukungu wa rangi ya fedha. Tarakimu zimepanda na kushuka kama meno ya mtoto. Au rangi ya behewa imetoka pamoja na namba ya zamani, na pamebaki plastiki tupu.

Makosa yote matatu hutokea kabla stika mpya haijagusa maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi, na kubandika kwenyewe ni sehemu ndogo tu. Ukibanwa na muda, usiruke hatua ya 3 wala ya 4.

## Vifaa

- Karatasi ya stika za maji (wengine huziita dikali) yenye namba za rangi, umbo na kimo sahihi. Nunua inayobeba seti mbili au zaidi za kila tarakimu unayohitaji. Utapoteza kadhaa.
- Kibano chenye ncha laini na bapa. Chenye ncha kali hutoboa stika.
- Kisu cha ufundi chenye ubapa mpya, pamoja na rula ya chuma.
- Brashi mbili: namba 0 ya kusogezea, na bapa ya milimita 5 hivi ya kupakia vanishi.
- Vijiti vya kuchokolea meno, vijiti vya pamba vya masikio na karatasi laini isiyoacha nyuzi.
- Alkoholi ya isopropili, na terpentaini ya madini au thina ya rangi za enameli.
- Polishi ya magari, ile ya kung'arishia rangi iliyochakaa.
- Vanishi ya akriliki ya kung'aa, na nyingine isiyong'aa au ya mng'ao kiasi ya kumalizia.
- Dawa ya kushikisha stika na dawa ya kulainisha. Kwa kampuni ya Microscale, ya kwanza ni Micro Set na ya pili ni Micro Sol. Zinafanana kwa macho lakini kazi zao ni tofauti, kwa hiyo usizichanganye.
- Maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yenye chokaa huacha doa jeupe yakikauka.
- Tepu ya karatasi isiyo na gundi kali.
- Kioo cha kukuzia na taa unayoweza kuisogeza.

Jambo moja kuhusu kimo cha namba. Tarakimu yenye kimo cha sentimita 10 kwenye behewa halisi inakuwa milimita 1.15 kwenye skeli ya H0 (1:87), milimita 1.3 kwenye 00 (1:76), milimita 0.6 kwenye N (1:160) na milimita 2.3 kwenye 0 (1:43.5). Tofauti kati ya H0 na 00 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ukiweka tarakimu ya H0 kando ya tarakimu ya kiwandani ya 00, jicho linakamata mara moja. Pima namba iliyopo kabla ya kuagiza.

Je, unaweza kujichapishia nyumbani? Kwa namba nyeusi, ndiyo. Kwa namba nyeupe, za krimu au za njano juu ya rangi ya giza, printa ya kawaida haina wino mweupe, na rangi nyepesi zitamezwa na rangi ya behewa. Hizo nunua zilizochapwa tayari. Na ukichapa kwa printa ya wino, puliza vanishi angavu juu ya karatasi na uiache ikauke kabisa kabla ya kuiloweka, la sivyo wino utatawanyika majini.

## Chagua namba ambayo ingeweza kuwepo

Namba ya behewa si mapambo. Inataja aina ya behewa, na mara nyingi na mahali lilipopangiwa kazi.

Chukua mabehewa ya Mark 1 ya reli za Uingereza. Yale ya daraja la pili yenye vyumba na korido yalikuwa kwenye mfululizo wa 24000 na kuendelea, na yenye vyumba pamoja na sehemu ya gadi yalianzia 34000. Ukiliwekea behewa lisilo na sehemu ya gadi namba ya 34 elfu na kitu, umeandika uongo ubavuni mwake. Herufi iliyotangulia namba ilionyesha kanda: E ya Mashariki, M ya London Midland, S ya Kusini, W ya Magharibi, Sc ya Uskoti. Behewa likihamishwa kanda, herufi ilibadilika na namba ikabaki. Kwa hiyo njia nyepesi kuliko zote ya kutofautisha mabehewa mawili ni kubadilisha tarakimu mbili za mwisho tu, mradi hutoki nje ya mfululizo.

Kwenye mabehewa ya bara la Ulaya yenye namba za UIC (Umoja wa Kimataifa wa Reli) za tarakimu 12 kuna mtego. Tarakimu ya mwisho, ile inayokuja baada ya kistari, ni ya uhakiki na inatokana na hesabu ya zile 11 zilizotangulia. Ukibadilisha tarakimu moja ya namba ya behewa bila kugusa ya uhakiki, namba nzima imekuwa batili.

Hesabu yenyewe ni hii. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 2, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 2, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na moja. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe (16 inakuwa 1 + 6 = 7). Jumlisha majibu yote, kisha tafuta kinachopungua ili kufikia kumi inayofuata.

Mfano wa hesabu: 51 80 22-70 123.

5, 1, 8, 0, 2, 2, 7, 0, 1, 2, 3 zinakuwa 1, 1, 7, 0, 4, 2, 5, 0, 2, 2, 6. Jumla ni 30, na hakuna kinachopungua, kwa hiyo tarakimu ya uhakiki ni 0. Sasa badilisha 123 iwe 124: ile 6 ya mwisho inakuwa 8, jumla inakuwa 32, na uhakiki unaruka hadi 8. Namba kamili ni 51 80 22-70 124-8. Umebadilisha moja, umelazimika kubandika mbili.

Andika namba mpya kwenye kikaratasi na uiweke mbele yako mezani. Kukosea tarakimu katikati ya kazi ni rahisi kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 1: Fungua behewa

Ondoa fremu za magurudumu, kisha tenganisha bodi na chasisi. Mabehewa mengi yamefungwa kwa vishikizo vya plastiki ndani ya kingo za chini. Ingiza vipande vya plastiki nyembamba kati ya bodi na chasisi, kimoja kila upande, mpaka vishikizo viachie. Ukitumia bisibisi utaacha alama kwenye rangi.

Vioo vya madirisha vikitoka bila kulazimishwa, vitoe. Visipotoka, viache hapohapo na uvifunike kwa tepu baadaye. Kuvunja kioo ni hasara kubwa kuliko kukifunika.

## Hatua ya 2: Piga picha na pima

Piga picha mbavu zote mbili huku rula imewekwa chini ya namba. Pima mambo mawili: umbali kutoka ukingo wa mlango wa karibu hadi tarakimu ya kwanza, na umbali kutoka ukingo wa chini wa bodi hadi kitako cha namba. Yaandike.

Ukishafuta namba ya zamani, hakuna kitu kingine kitakachokuambia ilikuwa wapi. Usidhani pia kwamba ubavu wa pili ni kioo cha ule wa kwanza. Kwenye mabehewa mengi namba hukaa mwisho uleule wa mkono kila upande (kulia na kulia, au kushoto na kushoto), maana yake inakaa kwenye ncha mbili tofauti za behewa. Kagua pia ncha za behewa na kingo za chasisi, kwani kuna watengenezaji wanaorudia namba huko kwa herufi ndogo.

## Hatua ya 3: Futa namba ya zamani

Hapa ndipo mabehewa mengi huharibika, kwa hiyo nenda polepole.

Namba ya kiwandani ni utando mwembamba wa wino uliogongwa juu ya rangi. Unataka kuutoa wino na kuiacha rangi. Kiyeyushi kitakachofanya kazi kinategemea kiwanda, na wakati mwingine hata toleo la behewa, ndiyo maana unaanza na kilicho laini kabisa:

1. Alkoholi ya isopropili.
2. Terpentaini ya madini, au thina ya enameli.
3. Polishi ya magari, ambayo haiyeyushi chochote bali hukwangua taratibu.

Onyo: asetoni na thina ya selulosi zisikaribie behewa. Zinayeyusha plastiki yenyewe, si rangi pekee. Fungua dirisha la chumba, na usifanye kazi karibu na moto.

Kila kiyeyushi kijaribu kwanza mahali pasipoonekana palipopakwa rangi ileile, kama upande wa ndani wa ukingo wa chini. Subiri dakika tano. Rangi ikilainika au kunata, kiyeyushi hicho hakifai.

Kikikubali, chovya kijiti cha pamba kisha ukikamulie kwenye karatasi laini mpaka kiwe na unyevu tu. Pamba inayodondosha maji hupeleka kiyeyushi kwenye mistari ya mapambo na kwenye nembo ambazo hukutaka kuzigusa. Laza pamba juu ya namba kwa sekunde 20 hadi 30. Chukua kijiti cha meno ambacho umekata ncha yake mshazari ikawa kama patasi ndogo, ukisugue kwa urefu wa namba bila kukandamiza. Rudia.

Sasa tazama ncha ya kijiti. Ikiwa na rangi ya namba, yaani nyeupe, krimu au njano, unaendelea vizuri. Ikianza kuwa nyekundu, kijani au buluu ya behewa, simama hapohapo: umemaliza wino na unakula rangi. Badilisha kijiti kila baada ya misuguo kumi hivi, kwa sababu kijiti kilichojaa wino hakikuambii kitu.

Usitumie kalamu ya nyuzi za kioo. Inafuta haraka sana, lakini inaacha mikwaruzo ambayo vanishi huionyesha badala ya kuificha, na nyuzi zake huingia kwenye vidole. Msasa wa namba 2000 uloweshwe maji, na uwe wa mwisho kabisa, kwa mabaki tu.

Kama unabadilisha tarakimu mbili za mwisho pekee, funika zinazobaki kwa kipande cha tepu kilichokatwa wima kabisa. Lakini kwanza laza karatasi ya stika kando ya namba ya kiwandani mchana, penye mwanga wa dirisha. Stika ikiwa nyeupe zaidi, au 3 yake ina tumbo tofauti, futa namba yote. Namba yenye rangi mbili inaonekana mbaya kuliko namba isiyobadilishwa.

Baada ya kufuta, huenda ukaona kivuli cha namba ya zamani ukiinamisha behewa kwenye mwanga. Ni tofauti ya mng'ao tu, na hatua inayofuata itakifuta. Ukiona kivuli hata ukitazama moja kwa moja, bado kuna wino.

Ikitokea umefika kwenye plastiki: paka kiraka cha rangi inayofanana, kikiishia kwenye mistari ya asili kama ukingo wa mlango. Hata kwenye reli halisi, namba mpya huonekana mara nyingi juu ya kiraka cha rangi mpya, kwa hiyo kiraka nadhifu hakimshangazi mtu.

Umefaulu ikiwa: kidole hakihisi ukingo wowote, rangi ni ileile, na tofauti pekee ni mahali pamoja panapong'aa zaidi au kidogo kuliko pengine.

## Hatua ya 4: Rudisha mng'ao

Ule ukungu wa fedha ni hewa. Rangi isiyong'aa, ukiitazama kwa karibu sana, ina vilima na mabonde. Stika inakalia vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga unaopita kwenye hewa hiyo unarudi ukiwa wa rangi ya fedha. Hewa ikishanaswa humo, vanishi ya juu haiiondoi.

Dawa yake ni kujaza mabonde kwanza. Osha sehemu kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha, na kuanzia hapo usiiguse kwa vidole. Paka vanishi ya kung'aa tabaka mbili nyembamba, ukiacha la kwanza likauke kabla ya la pili. Kama huna kopo la kupulizia, brashi bapa inatosha, ila usimalizie katikati ya ubao mtupu: anzia kwenye mstari wa mlango na uishie kwenye mstari mwingine ili ukingo wa vanishi ujifiche.

Acha saa 24. Vanishi ya akriliki hukauka juu baada ya nusu saa, lakini chini bado ni laini, na dawa ya kulainisha stika itaikunja.

Umefaulu ikiwa: taa ikiakisiwa kwenye ubavu, kingo za taa zinaonekana zimekatika vizuri. Zikiwa na ukungu, ongeza tabaka.

Kama behewa lilikuja likiwa na mng'ao wa kioo na ulifuta kwa alkoholi tu bila kukwangua, jaribio hilohilo la taa linaweza kukuruhusu kuruka hatua hii.

## Hatua ya 5: Weka mstari

Bandika tepu kwanza kwenye kioo mara mbili tatu ili ipunguze gundi, kisha iweke ubavuni, ukingo wake wa juu ukiwa chini ya kitako cha namba kwa nusu milimita. Usiufanye mstari wa tepu kuwa kitako chenyewe. Stika ikigusa tepu, maji yatavutwa chini ya tepu na tarakimu itavutwa nayo.

Nafasi hiyo ya nusu milimita ndiyo utakayoilinganisha kwa jicho. Jicho huona mwanya usio sawa kwa urahisi kuliko linavyoona mstari uliopinda.

Weka alama ya penseli kwenye tepu mahali namba inapoanza na inapoishia. Kama ubavu wa behewa una mstari wa mapambo au ukingo wa ubao karibu na namba, utumie huo badala ya tepu, maana mtazamaji naye atalinganisha namba na mstari huo.

## Hatua ya 6: Kata na loweka

Tazama karatasi ya stika kwa kuinamisha kwenye mwanga. Kuna zile ambazo kila tarakimu ina utando wake mdogo, na kuna zile ambazo utando umefunika karatasi nzima. Za kwanza zikate kwa umbali wowote. Za pili zikate karibu na wino kadiri mkono unavyoruhusu, kwa sababu ukingo wa utando ndio utakaoonekana baadaye.

Chovya kwa kibano kwa sekunde 10 hadi 20, kisha itoe na uilaze kwenye karatasi laini yenye unyevu. Iache hapo dakika moja mpaka tarakimu iteleze ikiguswa. Usiiache ikaelea yenyewe majini: gundi itaoshwa, na tarakimu isiyo na gundi hung'oka siku ya vanishi.

Loweka moja baada ya nyingine. Ukiloweka tano pamoja, ya tano itakuwa imekauka na kung'ang'ania karatasi wakati unahangaika na ya pili.

## Hatua ya 7: Bandika tarakimu

Laza bodi kwa ubavu kwenye kitambaa, uso wa kazi ukiwa sambamba na meza. Weka tone dogo la dawa ya kushikisha mahali pa tarakimu. Sogeza karatasi ya stika mpaka iguse tone, kisha sukuma tarakimu kwa brashi yenye unyevu iteremke kutoka kwenye karatasi. Usiinyanyue kwa kibano peke yake, maana tarakimu ya milimita moja hujikunja kama jani kavu.

Anzia na tarakimu iliyo kwenye mwisho ambao mahali pake hapabadiliki. Kama namba inapaswa kuishia umbali fulani kutoka mlangoni, bandika ya mwisho kwanza na urudi nyuma. Ukianza upande wa pili, makosa madogo ya nafasi yatajumlishana na namba itaishia mlangoni.

Nafasi kati ya tarakimu zisiwe sawa kwa rula. Ziwe sawa kwa jicho. Tarakimu 1 ni nyembamba na ina hewa pande zote mbili, kwa hiyo isogeze karibu kidogo na jirani zake. Vivyo hivyo 7 ikifuatwa na 4. Tarakimu nene kama 8 na 0 zipe mwanya wa kawaida, unaokaribia unene wa mstari wa tarakimu yenyewe.

Kabla ya kunyonya maji, chukua kioo cha kukuzia ukague mambo haya:

- 6 haijawa 9. Kwa kimo cha milimita moja, stika iliyogeuka majini haikuambii kwamba imegeuka.
- 8 ina duara dogo juu na kubwa chini. Ikiwa kinyume, imesimama kichwachini.
- Uso wenye wino uko juu. Stika iliyojipindua haina gundi upande wa chini.
- Kichwa chako kiko juu ya tarakimu moja kwa moja. Ukitazama kwa pembeni, kila kitu kitaonekana kimenyooka mpaka usimame.

Kisha gusa ukingo wa tarakimu kwa ncha ya karatasi laini, maji yavutwe yenyewe. Usikandamize juu.

Subiri dakika tano hadi kumi kabla ya tarakimu inayofuata, kwani maji ya ile ya pili huielesha ya kwanza. Njia nzuri ya kuutumia muda huo ni kufanya mabehewa mawili kwa pamoja: tarakimu moja hapa, moja kule, halafu unarudi.

Umefaulu ikiwa: mwanya kati ya namba na tepu ni uleule mwanzo hadi mwisho, na ukisimama hatua mbili nyuma unasoma namba bila jicho kukwama popote.

## Hatua ya 8: Lainisha

Namba zikishakauka kwa saa moja, ondoa tepu. Gusa kila tarakimu mara moja kwa brashi yenye dawa ya kulainisha, kisha ondoa mkono. Stika itajikunja, itaonekana imeharibika, na utatamani sana kuinyoosha. Usiiguse. Utando umekuwa laini kama utando wa maziwa, na mguso wowote unauchana. Ndani ya saa moja hivi utakuwa umelala wenyewe, hata kwenye vichwa vya ribiti na mistari ya mbao.

Ukiona bado kuna kipande cha fedha, toboa pale kwa ncha ya sindano nyembamba mara mbili tatu na urudie dawa, nayo itapenya na hewa itatoka. Kwa stika ulizojichapishia, jaribu dawa kwanza kwenye tarakimu ya ziada. Kuna utando unaoyeyuka kabisa.

## Hatua ya 9: Osha, kisha funga

Gundi iliyobaki kuzunguka namba hukauka ikawa doa la rangi ya chai chini ya vanishi. Viringisha kijiti cha pamba chenye maji yaliyokenekwa juu yake, bila kusugua. Acha usiku kucha.

Funika madirisha. Tikisa vanishi isiyong'aa kwa dakika mbili kamili, kwa sababu unga unaoua mng'ao hukaa chini ya chupa, na vanishi isiyotikiswa inatoka ikiwa na mabaka. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, ukianzia nje ya behewa na kuishia nje. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, si la kulowesha: kopo lenye viyeyushi vikali likilowesha, litaikunja stika uliyoihangaikia. Mawili yanayofuata yanaweza kuwa mazito kidogo, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Puliza ubavu mzima, si mahali pa namba peke yake. Kiraka cha mng'ao tofauti kinavuta jicho kuliko namba iliyopinda. Siku yenye unyevunyevu mwingi hewani, ahirisha, la sivyo vanishi itageuka nyeupe kama maziwa.

## Kama stika zako si za maji

Za kusugua hazina utando, kwa hiyo hazina ukungu wa fedha. Kasoro yake ni kwamba ukishasugua, umeshasugua, hakuna kusogeza. Kata tarakimu pamoja na karatasi yake, ishikilie kwa tepu, sugua kwa kijiti butu kuanzia katikati, inua kona moja na uchungulie kabla ya kuitoa yote. Ikikosea, inyanyue kwa gundi ya tepu na uanze upya. Zinahitaji vanishi zaidi kuliko za maji, kwani kidole kikavu kinaweza kuzing'oa.

Zile za Pressfix, za chama cha HMRS cha Uingereza, hubonyezwa mahali pake zikiwa kavu, kisha karatasi ya juu hulowekwa na kuondolewa. Hatua za 1 hadi 5 ni zilezile.

## Tarakimu moja ikiharibika baada ya kukauka

Kabla ya vanishi: bandika kipande cha tepu juu yake, kibonyeze na ukivute. Kama ulitumia dawa ya kulainisha, lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu dakika kumi kisha uifute kwa kijiti cha meno. Jirani zake zifunike kwa tepu iliyopunguzwa gundi, isizidi kugusa ukingo wao.

Baada ya vanishi: usijaribu kuitoa kwa kiyeyushi. Chini yake kuna tabaka la vanishi ya kung'aa, na juu yake kuna jingine. Tumia msasa wa namba 2000 wenye maji, uliokunjwa na kubanwa kwenye ncha ya kijiti, ukwangue tarakimu hiyo tu. Vanishi ya chini ndiyo itakayoilinda rangi ya behewa, ndiyo maana unasimama mara wino unapoisha. Paka tone la vanishi ya kung'aa, subiri siku, bandika tarakimu mpya, kisha puliza ubavu wote tabaka moja jepesi.

Unaporudisha bodi kwenye chasisi, shika behewa kwa paa na kwa kingo za chini. Vanishi isiyong'aa hupokea mafuta ya vidole kwa wiki nzima ya kwanza, na alama ya kidole gumba juu ya namba mpya haifutiki bila kuacha mng'ao.